Ushauri: Cadillac ya zamani, imetembea kidogo sana. Niuze mnadani, kwa dalali, au niipakie meli?

MjukuuWaUyui
Wakuu habari za humu ndani. Nipo Columbus, Ohio, huu mwaka wa sita. Nina Cadillac ile ndefu ya kizamani, milango minne, viti vya mahameli rangi ya damu ya mzee, paa limevikwa ngozi, nembo imesimama juu ya boneti kama mlinzi. Imetembea kidogo mno. Nataka iondoke kabla ya baridi kwa sababu nahamia apatimenti na huko nafasi ya kuegesha ni moja tu, nayo ni ya Corolla inayonipeleka kazini.

Naona njia tatu. Kuna minada ya mtandaoni. Kuna dalali mwenye ukumbi wa magari ya kale, anaiweka ndani kwake, akiuza anakata asilimia kumi. Na shemeji yangu wa Dar ananishawishi niipakie kwenye kontena, anasema ikifika Sinza itagombaniwa na watu wa harusi. Ipi inalipa? Aje aliyewahi kufanya, sio wa kubahatisha.

FundiMsafwa
Mkuu, ukisema "Cadillac ndefu ya kizamani" ni sawa na mtu aende mnada wa Pugu aseme "nina ng'ombe". Ng'ombe gani? Mwaka? Injini? Petroli au dizeli, maana miaka hiyo walitoa na dizeli? Maili ngapi kwa tarakimu? Kadi ina jina la nani?

Kiziwanda
Picha.

MjukuuWaUyui
Niwieni radhi, nimeandika nikiwa mapumziko kazini. Maili 19,614. Petroli. Mwaka nadhani 85 au 86. Nyuma imeandikwa Fleetwood Brougham. Picha nikirudi, taa ya gereji imeungua.

DerevaWaNewark
Kaka, mimi nimeendesha Lincoln Town Car miaka minane, uwanja wa ndege wa Newark kwenda Manhattan, usiku na mchana. Ile injini yake ya V8, yaani silinda nane, ya lita 4.6 niliifikisha maili laki tatu na kitu bila kugusa silinda hedi. Nilibadili mifuko ya hewa ya springi za nyuma mara mbili, basi. Cadillac za miaka hiyo ni pambo la sebuleni. Ungekuwa na Town Car ningeinunua mimi leo hii.

Kiziwanda
Kwani ameuliza anunue nini? Anauza.

DerevaWaNewark
Najua. Nasema tu.

FundiMsafwa
@MjukuuWaUyui usikisie mwaka. Simama nje upande wa dereva, chungulia chini ya kioo cha mbele, kwenye dashibodi kuna kibati cha namba ya chesisi, jumla 17. Usiibandike yote hapa. Nipe ya nane na ya kumi tu. Ya kumi ndiyo mwaka: F ni 1985, G ni 1986. Ya nane ndiyo injini. Kati ya F na G yako kuna mlima na bonde.

MjukuuWaUyui
Nimetoka na tochi ya simu. Ya nane ni 8. Ya kumi ni F. Ndiyo nzuri hiyo?

FundiMsafwa
Pole. Sio msiba, lakini pole.

Hiyo ni 1985, na 8 ni ile HT4100, V8 ya lita 4.1. Cadillac waliileta 1982 baada ya kuungua vidole na ile ya 1981 iliyokuwa inazima silinda zake yenyewe, nane, sita, nne, ikijisikia. Sasa hii ya 4.1 bloku, mwili wa injini, ni aluminiamu, hedi inayokaa juu yake ni chuma. Vikipata moto kimoja kinatanuka kuliko mwenzake, gasketi iliyo katikati inasagika taratibu, maji yanapenya kwenye oili. Siku ukivuta kijiti cha oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, weka matanga. Halafu ni farasi 135 tu wanaovuta gari la mita tano na nusu na zaidi.

Mwaka uliofuata, sura ileile, viti vilevile, waliiwekea V8 ya Oldsmobile ya lita 5.0. Nayo mvivu, ila haifi. Kwa hiyo mnunuzi anayejua anaisoma namba ya nane kabla hajakusalimia. Kama ulikuwa unaota elfu ishirini, amka.

Mzee_wa_Ujiji
Vijana, taratibu. Mimi nipo Dallas tangu 1981. Mwaka huo wa 1985 nilikuwa naosha magari mahali karibu na uwanja wa ndege, na hizo Fleetwood Brougham nilizikausha kwa ngozi laini ya kufutia kwa mkono huu, mpya kabisa, karatasi za dukani bado ziko kwenye kioo. Ile Cadillac nyingine, De Ville, ya mwaka ule ilikuja imefupishwa na inavutwa na tairi za mbele, matajiri wa Texas wakanuna. Waliobaki na hamu ya gari la kiume walichukua hii, ndefu, tairi za nyuma zinasukuma kama Mungu alivyopanga.

Injini ile ilisemwa vibaya, na mengine ni kweli. Lakini nyingi ziliuliwa na wenyewe. Bloku la aluminiamu halitaki maji machafu. Cadillac wenyewe walielekeza ziwekwe tembe za kuziba kwenye rejeta kila maji yanapobadilishwa, tembe kama za malaria, nani aliweka? Mtu anakaa miaka saba na maji yaleyale halafu analaumu kiwanda. Gari lililotembea maili 19,000, kama maji yalikuwa yakibadilishwa, litamzika huyo atakayelinunua.

Mwanangu, fungua kifuniko cha oili asubuhi injini ikiwa baridi, nusa. Ukipata harufu ya utamu kama sharubati, njoo useme. Kagua pia vile vipande vya plastiki vinavyojaza kati ya bampa na bodi, nyuma hasa. Bonyeza kwa kidole pole pole. Vikivunjika kama biskuti usishangae, vyote huvunjika.

Kiziwanda
Shikamoo mzee.

FundiMsafwa
Shikamoo mzee. Sikupingi kuhusu maji. Ila mnunuzi hanunui maelezo, ananunua namba ya nane.

Mzee_wa_Ujiji
Marahaba. Mnunuzi wa gari kama hili ananunua kiti cha nyuma.

BiMkubwa_MN
Injini, injini, injini. Mbona swali la kadi limerukwa? Mjukuu, jina la nani lipo kwenye karatasi?

MjukuuWaUyui
Hapo ndipo nilitaka ushauri pia, ila niliona thread itakuwa ndefu. Gari lilikuwa la mume wa jirani yangu. Mzee alifariki mwaka juzi. Mimi ndiye nilikuwa namzolea mama theluji kwenye njia yake na kumkatia majani. Mwezi wa tano amehamia makazi ya wazee, akaniuzia kwa dola 1,500, akanipa funguo na ile karatasi. Kwenye karatasi bado kuna jina la mumewe. Nilifikiri mnunuzi ataandikisha moja kwa moja jina lake.

BiMkubwa_MN
Ndiyo maana nikauliza. Nilikaa Ohio miaka tisa kabla ya kuja Minnesota, na minne kati ya hiyo nilikuwa karani kwenye duka la magari, hizi karatasi nimezila na chai.

Sikiliza vizuri mwanangu. Kwa sasa wewe huna gari. Una funguo. Marehemu hawezi kutia sahihi, na wewe huwezi kumuuzia mtu gari lenye jina la marehemu ukajiruka wewe katikati. Hilo ni kosa, na mnada wowote wa maana utakukataa ukurasa wa kwanza. Njia ipo na sio ngumu. Ohio inamruhusu mjane kuhamishia magari ya mumewe kwenye jina lake bila kwenda mahakama ya mirathi. Mama mwenyewe anakwenda ofisi ya hati za magari iliyo chini ya karani wa mahakama ya kaunti, kaunti yoyote, na cheti cha kifo kilichothibitishwa na karatasi ya zamani, anajaza kiapo. Hati ikitoka kwa jina lake, anakusainia mbele ya mthibitishaji, maana Ohio sahihi ya muuzaji bila mthibitishaji ni mchoro tu. Kuanzia hapo una siku 30 kuiweka kwa jina lako. Mchukue kwa gari, mpeleke, mnunulie na chakula cha mchana.

Na watoto wake wanajua? Isije ikawa kuna kijana yuko Florida anasubiri Cadillac ya baba.

MjukuuWaUyui
Ana binti, ndiye aliyeshauri aniuzie mimi. Ahsante sana mama, kumbe nilikuwa nautafuta mkono wa sheria.

KijanaWaKisauni
Ndugu yangu, la kontena nisikie mimi, niko bandarini Mombasa miaka kumi na moja. Kenya usijaribu kabisa. Gari likizidi miaka minane halipokewi, na usukani wa kushoto haupokewi labda liwe ambulansi au la zimamoto. Lako lina miaka zaidi ya arobaini na usukani uko upande wa abiria. Litarudi ulikolitoa kwa gharama yako. Dar sijui, waseme wa Dar.

Mpakuaji_Kurasini
Dar tunasema: mwambie shemeji alipie yeye. Huku kuna ushuru wa uchakavu unaokaa juu ya ushuru mwingine wote, na gari la 1985 halina pa kujificha. Ukimaliza hapo, una V8 yenye usukani wa kushoto. Siku unataka kulipita lori pale Chalinze itabidi umwombe bibi harusi akuchungulilie.

Na ikiharibika fundi wa Gerezani atakwambia "hii niachie", utaiacha, wajukuu zako wataikuta.

Kivu_Yetu
Hapa Goma usukani ni kushoto, sisi hatuna hiyo shida. Lakini ndugu, gari ya kulala chini namna hiyo kwa barabara zetu, mawe ya volkano itakula sampu, bakuli ya oili chini ya injini, siku ya kwanza. Lete kwanza Land Cruiser.

Sultani_wa_Muttrah
Asalam aleykum. Huku Muscat na Ghuba nzima wapo wanaokufa kwa magari ya Kimarekani, lakini ugonjwa wao ni Chevrolet Caprice. Jamaa ana nyumba na maduka lakini ukimtajia Caprice iliyotunzwa anaacha kahawa. Cadillac wanaiheshimu tu, hawaipendi. Usitie kwenye kontena kwa ajili yetu.

DerevaWaNewark
Caprice nayo gari. Ila Town Car...

Kiziwanda
Tunajua.

Lukuledi79
Nimesoma kimya, sasa kwenye dalali lazima niseme, maana mimi limenikuta.

Nilikuwa na Lincoln Continental ya 1979, ile ya mwisho ya ukubwa wa zamani kabla hawajaikata mwaka uliofuata. Karibu mita sita. Gereji yangu ilibidi nining'inize mpira wa tenisi kwa kamba kutoka darini, ukigusa kioo cha mbele simama hapohapo, zimebaki inchi nne ukutani. Mke wangu akasema mpira ubaki au gari libaki. Nikaipeleka kwa dalali, jimbo la pili, ukumbi mzuri, sakafu inang'aa, kahawa ya bure. Maili 31,020. Asilimia kumi, kama yako. Nikasaini.

Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili ananipigia: soko limelala, tushushe elfu mbili. Nikashusha. Wa tatu: kuna mtu yuko tayari, ila tushushe tena elfu moja na nusu. Nikashusha. Yule mtu akayeyuka. Wa nne nikapanda basi bila kumwambia mtu.

Ukumbini halipo. "Liko nyuma linaoshwa." Naenda nyuma, liko juani, na kwa wanaoijua ile gari, taa za mbele zina vifuniko vinavyoendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini. Niliiacha vimefumba vizuri. Sasa jicho moja limefumba, jingine limetoa kope nusu kama mlevi. Mtu kaung'oa mpira wa hewa. Naingia ndani, naangalia maili: 31,660. Maili mia sita na arobaini, kwa majaribio ya wateja wasionunua? Nikapiga magoti nikapapasa chini ya kiti cha nyuma. Nikatoka na punje za kumetameta zimejaa viganjani, na ua la plastiki lenye pini, lile vijana wa sekondari wanabandika kwenye koti siku ya dansi ya kumaliza shule. Mwezi wa tano wote Lincoln yangu ilikuwa inabeba watoto wa watu kwenda dansi, na mimi napigiwa simu nishushe bei.

Nikamwonyesha ua. Akafungua mkataba ukurasa wa tatu, mstari mdogo: "kulionyesha gari kwenye matukio". Halafu akanidai dola mia tatu za kuhifadhi ndipo anipe funguo. Nikalipa, ningefanyaje, nimekuja na basi. Kuitoa pale ikagoma kuwaka, betri imekufa. Nililia kidogo, niseme ukweli.

Niliiuza mwaka uliofuata mwenyewe, kwa bei ndogo kuliko ile ya kwanza aliyonishusha.

Kiziwanda
Hilo ua ulilifanyaje?

Lukuledi79
Ninalo. Liko kwenye droo.

Mpakuaji_Kurasini
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Buti la hiyo Cadillac linaingiza mbuzi wangapi?

Mzee_wa_Ujiji
Watatu wamelala, wa nne akikunjwa. Nasema kwa uzoefu, sikukuu ya Idi, 1988. Mwenye gari hakujua mpaka leo.

FundiMsafwa
Turudi. Mjukuu, hata kama si dalali, ukiuza mwenyewe kwenye soko la Facebook jiandae. Utapata ujumbe arobaini siku ya kwanza, wote wanaandika "bado ipo?" Ukijibu "ipo", hutamsikia tena mpaka kiama. Wa arobaini na moja atasema yeye ni mwanajeshi yuko nje ya nchi, anakutumia hundi ya benki yenye pesa zaidi, zinazobaki umpe mchukuzi. Hundi ni ya uongo, mchukuzi naye wa uongo. Taslimu, ndani ya benki, mhesabu pesa ahesabu mbele yenu.

BiMkubwa_MN
Mimi ningekwenda mnada wa mtandaoni. Kama Bring a Trailer, asilimia tano analipa mnunuzi, wewe unaweka bei ya chini ambayo haliondoki bila kufika, mnada unakwenda kama wiki. Lakini wale wasomaji wana macho ya polisi wa mpakani. Watauliza kila mkwaruzo. Watataka video ya injini ikiwashwa baridi, picha ya uvungu, kutu chini ya ile ngozi ya paa. Na swali la kwanza litakuwa maili. Kisomeo chako kina tarakimu ngapi?

MjukuuWaUyui
Tano, halafu kale kadogo ka mwisho.

BiMkubwa_MN
Basi 19,614 inaweza kuwa 119,614. Nani atajua? Na kwa gari la mwaka huo sheria haimlazimishi tena muuzaji kutamka maili, kwenye hati wataandika tu kwamba limesamehewa. Karatasi haitakusaidia. Inabidi uthibitishe mwenyewe. Raba ya pedali ya breki imelika? Zulia chini ya kisigino cha dereva? Stika za kubadili oili kwenye fremu ya mlango? Tairi la akiba limewahi kugusa lami? Risiti?

FundiMsafwa
Na tairi zenyewe. Tafuta zile tarakimu nne za mwisho ubavuni.

MjukuuWaUyui
3807.

FundiMsafwa
Wiki ya 38, mwaka 2007. Mkanda mweupe unaweza kung'aa lakini hizo ni za kupigia picha tu. Usiende nazo barabara kuu.

MjukuuWaUyui
Nimeiendesha nazo jana.

FundiMsafwa
Lahaula.

MjukuuWaUyui
Sasa wakuu, nimekuta kitu. Kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, chini ya kitabu cha gari, kuna daftari dogo la jalada jekundu limefungwa kwa mpira wa ofisini, na mpira umekatika nilipoushika. Yule mzee alikuwa anaandika kila alipojaza mafuta. Penseli. Tarehe, maili, galoni, bei. Ukurasa wa kwanza maili 41, Oktoba 1985. Wa mwisho 19,588. Katikati kuna "maji ya rejeta" karibu kila baada ya miaka miwili, ameweka na alama ya tiki, na pembeni kaandika idadi ya tembe. Kuna mahali 1997 kaandika "Ruth kaendesha, breki" na alama ya mshangao mbili. (Jina nimebadilisha.)

Mzee_wa_Ujiji
Nilisema tembe! Nilisema!

BiMkubwa_MN
Mwanangu, hilo daftari lifungie kwenye mfuko. Hilo ndilo gari.

FundiMsafwa
Nasalimu amri. Namba 8 yenye daftari la tembe sio namba 8 ile niliyokuwa naiongelea. Usipake rangi, usibadilishe kiti, usioshe hata injini kwa presha. Elfu kumi anzia hapo, ukipata kumi na mbili usiringe.

DerevaWaNewark
Kikokotoo cha bei cha Hagerty, ile kampuni ya bima za magari ya kale, kinapanga hali ya gari kwa daraja, la 1 hadi la 4. Kila mwenye gari anajiona la 1. Weka la 3 ndipo uangalie bei, usije ukalala na elfu kumi za kufikirika. Na Town Car ya maili kama hizo ningekuambia...

Lukuledi79
Dereva, kaka yangu, nakuheshimu. Acha.

MjukuuWaUyui
Shida moja. Nilimpigia mama kumwambia nimekuta daftari. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema analitaka. Ni mwandiko wa mumewe.

FundiMsafwa
Piga picha kila ukurasa, nakala ndiyo impe yeye. Ya asili iende na gari, hiyo ni elfu tatu au nne za bei yako.

BiMkubwa_MN
Yaani mjane apewe fotokopi ya mumewe? Fundi, wewe umezaliwa na nani? Ya asili kwa mama. Mnunuzi apewe picha, tena zichapishwe vizuri zifungwe jalada.

FundiMsafwa
Mama, simdharau. Lakini kwenye mnada watasema picha zinachakachuliwa. Gari na daftari vimekaa pamoja tangu 1985.

Mzee_wa_Ujiji
Hata yeye na mumewe.

Kivu_Yetu
Hapo mzee ametoa hukumu.

FundiMsafwa
Haijatoka hukumu. Aliuza gari na vilivyomo.

Kiziwanda
Picha ya gari bado hatujaiona.

MjukuuWaUyui
(baada ya siku 19)

Wakuu nimerudi. Ofisi ya hati tulikwenda na mama Alhamisi, alivaa kofia. Ilichukua saa moja na kidogo, hati sasa ina jina langu. Kwenda na kurudi alikaa kiti cha nyuma, akasema mbele hakuzoea. Tairi mpya nne nimeweka, zenye mkanda mweupe, zimeniuma. Oili asubuhi haina chai ya maziwa, ila nikisimama kwenye taa za barabarani nahisi kama harufu ya utamu inakuja kwa mbali. Inaweza kuwa mashine ya kupasha moto ndani?

Halafu kuna mzee wa kanisani kwetu, Mkongo, anatoa 7,500 lakini kwa awamu, miezi kumi. Anataka kuozesha binti yake wa kwanza nalo mwezi wa kumi na mbili. Ni mtu mzuri, anaimba besi.

BiMkubwa_MN
Awamu kwa muumini mwenzako? Utapoteza gari na kanisa siku moja.

Mzee_wa_Ujiji
Harufu hiyo ikija na ukungu kwenye kioo na zulia la abiria likawa na unyevu, ni rejeta ndogo ya joto, sio hedi. Papasa zulia kwanza, usikimbilie kulia.

FundiMsafwa
Au ni hedi.

Lukuledi79
Kwa harusi moja ya Desemba mkodishie kwa siku, wewe ndiye uendeshe. Ila uliza bima kwanza, bima za magari ya kale nyingi hazitaki gari liingize pesa. Na siku ya pili papasa chini ya kiti.

DerevaWaNewark
Desemba Ohio? Na chumvi ile barabarani? Atalia.

Kiziwanda
Daftari limeishia kwa nani?

MjukuuWaUyui
Liko kwangu mezani. Naenda kumwona mama Jumapili, nitaamua njiani. Zulia nimepapasa, mzee. Kuna unyevu kidogo, au ni mikono yangu.

Mgeni_2214
Habari wakuu, ndio najiunga leo. Bado ipo?